Jengo Ndani ya Makaratasi: Mwongozo Kamili wa Kuchunguza Usanifu wa Chicago wa Mwanzo wa Karne ya 20 Kupitia Maktaba ya Makumbusho

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa usanifu majengo, mwandishi, mwongoza watalii, au mtu yeyote anayelitazama jengo la zamani na kutaka kujua lilivyofikia kuwa hivyo lilivyo. Mfano wetu ni Chicago, Marekani, na maktaba mbili zilizounganishwa ndani ya makumbusho ya sanaa ya mji huo, Art Institute of Chicago: maktaba ya Ryerson, iliyofunguliwa 1901, na maktaba ya Burnham, iliyoanza 1912 kwa fedha alizoacha msanifu Daniel Burnham alipofariki. Ziliunganishwa 1957. Nimeichagua Chicago kwa sababu mji ule uliungua 1871, ukajengwa upya kwa kasi, na wasanifu wake waliacha makaratasi mengi kuliko kawaida. Sehemu yake kubwa unaweza kuiona kwenye simu ukiwa Morogoro au Kisumu.

Kabla hujafungua katalogi yoyote, shika jambo moja. Kila karatasi ilitengenezwa na mtu aliyekuwa na haja yake. Mchoro wa rangi ulikuwa wa kumshawishi mwenye pesa, ramani ya kazi ilikuwa ya kumwelekeza fundi, na picha ya jaridani ilikuwa ya kumtangaza msanifu. Kwa hiyo hakuna karatasi ya kuaminiwa kwa kila swali, ila kila swali lina karatasi inayolifaa.

Hatua ya 1: Chagua jengo moja, na uliulize swali moja

Watu wengi huanza na jina kubwa. Wanaandika "Frank Lloyd Wright", msanifu maarufu wa Marekani, wanapata maelfu ya matokeo, na jioni hawana hata ukurasa mmoja. Anza na jengo, tena jengo lenye anwani.

Hapa tutafuata jengo la Field Museum, makumbusho ya historia ya asili yaliyoko kando ya Ziwa Michigan. Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kulijua: simba wawili wa Tsavo, waliowaua wajenzi wa reli ya Uganda mwaka 1898, wako humo. Field Museum iliwanunua miaka ya 1920 kutoka kwa Patterson, mhandisi aliyewapiga risasi, wakiwa tayari ni ngozi za kukanyagia nyumbani kwake. Lakini sisi tunataka jengo. Swali letu ni hili: kwa nini lilijengwa pale lilipo, wakati mpango mkuu wa mji ulilichora mahali pengine?

Swali la namna hiyo lina faida moja: linajua litakapoishia. "Nataka kujua usanifu wa Chicago" halina mwisho.

Hatua ya 2: Jua nani anatunza nini

Makumbusho yenye maktaba kwa kawaida ina milango zaidi ya mmoja, na katalogi zake hazizungumzi sana zenyewe kwa zenyewe. Pale Chicago, michoro mingi ya wasanifu ipo kwenye idara ya usanifu ya makumbusho yenyewe, na unaitafuta kwenye ukurasa wa mkusanyo wa sanaa, palepale penye picha za wachoraji. Maktaba inatunza vitabu, majarida, picha, na nyaraka binafsi za wasanifu: barua, shajara, hotuba, vipande vya magazeti. Zimo nyaraka za Burnham na za mwenzake Edward Bennett. Yamo pia mahojiano marefu ya sauti na wasanifu wa Chicago, mradi ulioanza miaka ya 1980, ambapo wazee wanasimulia ofisi walizoanzia kazi wakiwa vijana. Mahojiano hayo yamenakiliwa kwa maandishi na yanasomeka bure. Mimi huyapenda kuliko vitabu vingi, kwa sababu humo ndimo unapojua nani hasa alikuwa akichora na nani alikuwa akiweka sahihi.

Nyaraka binafsi hazina katalogi ya kipande kimoja kimoja. Zina mwongozo wa mkusanyo: orodha inayosema kasha la 3, jalada la 12, barua za mwaka fulani. Usome mwongozo huo kuanzia mwanzo, pamoja na wasifu wa mwenye nyaraka na maelezo ya jinsi zilivyofika maktaba. Ukijua kwamba familia ndiyo iliyozipanga na kuzikabidhi, unajua pia kwamba zile barua za kuaibisha huenda ziliishia jikoni.

Hatua ya 3: Andaa majina kabla ya kutafuta

Hatua hii huonekana ya kuchosha, lakini ndiyo inayoamua kama utapata kitu. Mwanzoni mwa karne ya 20 majina yalibadilika mno. Chukua daftari, gawa ukurasa safu tatu.

Safu ya kwanza ni ya jengo. Field Museum ilianza 1893 kama Columbian Museum of Chicago, mwaka uliofuata ikawa Field Columbian Museum, mwaka 1905 ikawa Field Museum of Natural History, na kati ya 1943 na 1966 iliitwa Chicago Natural History Museum. Isitoshe, hadi ilipohamia jengo la sasa, ilikaa Jackson Park ndani ya jengo jingine kabisa, lililobaki kutoka maonyesho ya dunia ya 1893. Picha iliyoandikwa "Field Museum" na tarehe ya 1910 si ya jengo letu. Huo ndio mtego ambao wengi wanauingia.

Safu ya pili ni ya ofisi ya wasanifu. Burnham alianza na mwenzake kama Burnham & Root mwaka 1873. Root alipofariki 1891 ofisi ikawa D. H. Burnham & Company. Burnham naye alipofariki 1912 ikawa Graham, Burnham & Co., na kuanzia 1917 ikaitwa Graham, Anderson, Probst & White. Field Museum ilijengwa kati ya 1915 na 1921, kwa hiyo karatasi za jengo hilohilo moja zinaweza kuwa chini ya majina matatu.

Majina ya wanawake yanataka uangalifu zaidi. Marion Mahony, aliyechora baadhi ya michoro mizuri kuliko yote iliyotoka ofisi ya Wright, aliolewa 1911 na msanifu Walter Burley Griffin. Ukimtafuta kwa jina moja tu, nusu ya kazi zake inakupita. Nyingi hazina jina lake kabisa. Kuza mchoro kwenye kioo cha simu na upekue majani na mashina ya mimea, maana alikuwa na tabia ya kuficha herufi za jina lake humo.

Safu ya tatu ni anwani. Chicago ilibadilisha namba za nyumba tarehe 1 Septemba 1909, na katikati ya mji ikafuata 1911. Tangu hapo namba zinahesabiwa kutoka makutano ya mitaa ya State na Madison. Anwani ya jarida la 1905 haitakufikisha popote kwenye ramani ya leo. Iandike kama ilivyo, kisha tafuta jedwali la kubadilisha namba, ambalo lilichapishwa na lipo mtandaoni.

Hatua ya 4: Anza na majarida, si vitabu

Kitabu kilichoandikwa miaka ya karibuni kitakupa hadithi iliyokwisha kupikwa. Jarida la wakati ule linakupa jengo likiwa bado jipya, pamoja na matangazo ya lifti na vigae. Kwa Chicago, jarida la kuanzia ni Inland Architect, lililotoka 1883 hadi 1908. Kwa miaka inayofuata, fungua Western Architect na Architectural Record. Mengi yameskaniwa na yanasomeka bure kwenye maktaba kubwa za mtandaoni kama Internet Archive na HathiTrust.

Soma matangazo. Sitanii. Kampuni iliyouza terakota (mapambo ya ukuta ya udongo wa kuchoma) au madirisha ilipenda kutaja majengo ilikohudumia, na mara nyingi tangazo ndilo litakalokuambia nani alitengeneza kitu ambacho makala yenyewe haikukigusa.

Usiyaache pia majarida ya akina mama wa nyumbani. Mwaka 1907 Wright alichapisha kwenye Ladies' Home Journal ramani ya nyumba ya zege isiyoshika moto, gharama dola 5,000. Msanifu alikuwa anamtafuta mteja palepale mteja alipokuwa anasoma. Na kampuni ya Sears ya Chicago, kuanzia 1908, iliuza nyumba nzima kwa katalogi: mbao, misumari na ramani vinafika kwa treni, unajijengea. Katalogi hizo ni usanifu wa mwanzo wa karne ya 20 sawasawa na jengo lolote la marumaru, na zinasema zaidi kuhusu watu wengi waliishi vipi.

Hatua ya 5: Soma mchoro kama fundi

Kwanza jua umeshika mchoro wa aina gani. Ramani ya sakafu inaonyesha jengo likiwa limekatwa kwa mlalo. Mkato unalipasua wima kama keki, ukaona ngazi na urefu wa dari. Mwonekano ni uso mmoja, bila kina. Mandhari, yenye miti na watu wakipita, ni ya kuuzia. Jengo halijengwi kwa mandhari.

Kisha nenda kona ya chini kulia. Pale pana kisanduku cha maelezo: namba ya kazi, namba ya karatasi, skeli (uwiano wa mchoro na jengo halisi), tarehe, herufi za mchoraji na za aliyekagua. Angalia kama kuna tarehe za marekebisho. Karatasi iliyorekebishwa mara kadhaa inakuonyesha mahali walipobishana, au pesa zilipopungua.

Skeli za Marekani ni za inchi na futi. Ikiandikwa robo inchi kwa futi, maana yake ni 1:48. Mstari wa milimita 100 kwenye karatasi ni mita 4.8 za jengo. Ikiwa moja ya nane ya inchi kwa futi, ni 1:96, na milimita 100 ni mita 9.6. Futi moja ni milimita 304.8, kwa hiyo kipimo kilichoandikwa futi 24 na inchi 6 ni karibu mita 7.47. Lakini usipime kwa rula pale ambapo namba imeandikwa. Karatasi husinyaa, na skani haihifadhi ukubwa halisi. Kama hakuna namba, pima kitu unachokijua, mfano upana wa mlango, upate uwiano wako mwenyewe, na uandike kwamba ni makisio.

Utakutana na karatasi za buluu zenye mistari myeupe, bluprinti. Ni nakala zilizotolewa kwa chumvi za chuma na mwanga wa jua, na ndizo zilizopelekwa eneo la ujenzi. Rangi hiyo hufifia kwenye mwanga, ndiyo maana mtunzaji anaweza kukunyima muda mrefu nazo. Ukiona alama za penseli nyekundu juu yake, au tone la chokaa, furahi: hiyo ilishikwa na watu wa kazi.

Uangalie pia kama unachokiona ni mchoro wa wakati wa ujenzi au ulichorwa baadaye ili uchapishwe. Mfano maarufu ni mkusanyo wa kazi za Wright uliotolewa Berlin na mchapishaji Ernst Wasmuth mwaka 1910 hadi 1911, kurasa 100 kubwa za michoro. Ni mzuri ajabu. Lakini michoro ile ilichorwa upya kwa ajili ya kuchapishwa, sehemu kubwa kule Fiesole, Italia, Wright akiwa na wasaidizi wachache, mwanawe akiwa mmoja wao. Inakuambia Wright alitaka Ulaya imwone vipi. Ukitaka kujua nyumba ilivyojengwa, tafuta ramani za kazi.

Hatua ya 6: Hoji picha

Picha ya mwaka 1905 inaonekana kama ushahidi usiopingika. Sivyo. Mpiga picha alichagua siku, kona na saa, mara nyingi akilipwa na msanifu au mwenye jengo, na wachapishaji walifuta nyaya na majengo ya jirani kwa brashi. Kila picha iulize: ilipigwa kutoka wapi? Kivuli kiko upande gani? Miti ina majani? Mtaani kuna farasi wengi au magari? Mabango ya maduka yanasomeka? Kampuni kwenye bango inaweza kukupa tarehe vizuri kuliko maandishi ya nyuma ya picha, ambayo yaliandikwa labda miaka 40 baadaye.

Picha za majengo yaliyobomolewa ni suala jingine. Mpiga picha Richard Nickel alitumia maisha yake kurekodi majengo ya msanifu Louis Sullivan yakivunjwa, akiokoa na vipande vya mapambo, hadi alipofia ndani ya kifusi cha jengo la soko la hisa la Chicago mwaka 1972. Mkusanyo wake sasa uko kwenye maktaba hii tunayoizungumzia. Ukumbi wa biashara wa jengo lile ulijengwa upya ndani ya makumbusho yenyewe, na tao la mlango wake limesimama nje. Kwa hiyo jengo hilo moja unaweza kulisoma kwa picha, kwa karatasi, kisha ukaingia ndani ya sehemu yake kwa miguu. Nafasi kama hiyo ni adimu.

Hatua ya 7: Kuomba na kushika nyaraka

Ukibahatika kwenda mwenyewe, weka miadi mapema na utaje namba za makasha. Kwenye vyumba vya kusomea vya namna hii sheria zinafanana: begi linabaki kwenye kabati, kalamu ya wino hairuhusiwi, penseli tu, chakula na maji nje. Osha mikono na uikaushe. Kwa karatasi mikono mikavu inafaa kuliko glovu, lakini kwa picha na negativu utapewa glovu. Fungua jalada moja kwa wakati na usibadilishe mpangilio hata ukiona umekosewa, mwambie mkutubi. Picha ya simu bila mwanga wa kamera kwa kawaida inakubaliwa, ila uliza kwanza. Piga kwanza lebo ya jalada, ndipo upige yaliyomo, la sivyo jioni utakuwa na picha za barua usizojua zimetoka wapi.

Hatua ya 8: Ukiwa mbali

Wengi wetu tutafanya kazi hii tukiwa nyumbani, na inawezekana. Tafuta kwanza kwenye mkusanyo wa kidijitali, ukitumia safu zako tatu. Pakua faili kubwa kuliko zote zinazotolewa, hata kama inakula bando, kwa sababu herufi za kisandukuni hazisomeki kwenye picha ndogo.

Ukikwama, mwandikie mkutubi barua pepe. Wakutubi hujibu vizuri wanapoulizwa vizuri. Taja jengo na majina yake yote, miaka unayoitaka, ulichokwisha kukiona, kisha swali moja tu. "Naomba kila mlicho nacho kuhusu Burnham" ni barua ya kukatisha tamaa. "Je, kwenye nyaraka za Bennett kuna barua za 1909 hadi 1912 zinazotaja eneo la Field Museum? Nimeona orodha ya makasha mtandaoni lakini haitaji mada" ni barua inayojibika.

Hatua ya 9: Gonganisha ushahidi

Turudi kwenye swali letu. Weka mezani, au kwenye kioo, karatasi tatu.

Ya kwanza ni Plan of Chicago, mpango wa mji ulioandikwa na Burnham na Bennett na kutolewa 1909 na klabu ya wafanyabiashara, nakala 1,650. Michoro yake mikubwa ya rangi ilifanywa na mchoraji Jules Guérin. Tazama mandhari yake ya ufuko: mji unaonekana kutoka juu angani, mwanga laini, barabara zimenyooka, majengo yote yana kimo kimoja. Katikati ya bustani ya Grant Park, mbele ya mtaa wa Congress, limekaa jengo jeupe la Field Museum. Upande wa pili wa mtaa huohuo, mbali magharibi, limeinuka jengo la serikali ya mji lenye kuba kubwa kupindukia. Kuba hilo halikujengwa kamwe. Pale lilipochorwa leo kuna makutano ya barabara kuu za magari.

Karatasi ya pili ni ya zamani zaidi: ramani ya viwanja ya 1836, ya makamishna wa mfereji, yaani maofisa waliosimamia mfereji na ardhi yake. Kwenye ukanda wa ufuko wameandika kwamba hiyo ni ardhi ya umma, ibaki wazi daima bila jengo lolote wala kizuizi. Ni mstari mmoja wa maandishi. Ya tatu ni kumbukumbu za mahakama. Tajiri Aaron Montgomery Ward, aliyekuwa na jengo lake mbele ya bustani, alianza kesi 1890 akitegemea maandishi yale, na akaendelea kushinda kwa miaka kama 20, hata pale mradi uliozuiwa ulipokuwa zawadi ya Marshall Field, mfanyabiashara ambaye makumbusho yana jina lake, aliyefariki 1906 na kuacha dola milioni 8 za makumbusho. Magazeti yalimwandama. Yeye alishikilia ramani.

Ndiyo sababu Field Museum ikajengwa kusini mwa bustani, juu ya ardhi iliyofukiwa ziwani, ikafunguliwa Mei 1921. Mtu aliyetazama michoro ya Guérin peke yake angeandika kwamba makumbusho yalikuwa katikati ya Grant Park. Aliyesoma kesi peke yake asingejua kwa nini Burnham alilitaka jengo pale hasa: lilikuwa kituo cha mstari mmoja mrefu kutoka ziwani hadi kwenye kuba. Jengo lilipohama, mstari wote ulipoteza kichwa.

Andika hitimisho lako kwa mpangilio huo: kilichokusudiwa, kilichokizuia, kilichojengwa. Kila sentensi iwe na karatasi yake.

Hatua ya 10: Kunukuu na kutumia picha

Kwa kila ulichokitumia andika taasisi, jina la mkusanyo, kasha, jalada, tarehe, na maelezo ya karatasi. Kiungo cha mtandao peke yake hakitoshi, viungo hufa.

Kuhusu hakimiliki: kazi iliyochapishwa Marekani zaidi ya miaka 95 iliyopita iko huru kule, kwa hiyo majarida ya Inland Architect na Plan of Chicago unaweza kuyatumia. Barua na michoro ambayo haikuwahi kuchapishwa hufuata hesabu nyingine, kwa kawaida miaka 70 tangu mwandishi afariki. Burnham amekwisha kupita kipimo hicho. Marion Mahony Griffin alifariki 1961, kwa hiyo maandishi yake ambayo hayajachapishwa yataka ruhusa bado. Na hata pale picha ikiwa huru, soma masharti ya taasisi iliyoiskani kabla hujaiweka kwenye jalada la kitabu cha kuuza. Kwa tasnifu au makala ya bure, mara nyingi kutaja chanzo kunatosha.